Robo Mzunguko, Njia ya Songea

Tangu nirudi hapa gereji mmekuwa mkiniuliza vipande vipande, huyu asubuhi, yule mchana, na mie nimekuwa nikiwajibu kwa ukali. Mnisamehe. Mmoja anataka kujua lile gunia chini ya benchi lina nini. Mwingine anauliza koti la kijivu kwenye msumari ni la nani. Mwingine, na huyu ndiye anayenichosha kuliko wote, anataka tu kujua skrubu niliiweka wapi na lori lilikwendaje. Nimeona bora niandike yote mara moja, msome kwa zamu, halafu mniache na kazi yangu. Habari za vibali na namna tulivyopata mafuta nazipita. Taabu za dizeli sote tunazijua, na sina hamu ya kuzirudia.

Kiwalani

Lori lenyewe mnalikumbuka, lile la ushirika wa kwetu Songea, lililokaa hapa uani mpaka kuku wakaanza kutaga chini yake. Lilikuwa na tabo. Kwa wale mliozoea injini za kawaida, tabo ni lile dude kama konokono la chuma ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka unalizungusha, nalo linaisukumia injini hewa ya ziada. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuongeza dizeli, na lori linapata nguvu ya ajabu. Lakini ukiongeza dizeli kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi, joto linapanda, na tabo ndiyo inayoungua kwanza. Ukipunguza, dizeli inadumu, ila mlimani utajuta. Yote hayo yanatawaliwa na skrubu moja nyuma ya pampu.

Meneja wa ushirika alikuwa ameniagiza nilipe lori nguvu na hapo hapo nipunguze ulaji wa mafuta. Watu wa ofisini bwana. Nilimwambia achague kimoja, akasema taifa linahitaji vyote viwili. Basi nikaibana skrubu robo mzunguko, nikasafisha nozeli, nikaziba bomba la hewa lililokuwa likivuja, na moshi ukatoka mwepesi kabisa. Nilijiona fundi haswa.

Asubuhi tuliyokuwa tunapakia mbolea, akaja Shangazi Skola kutoka Temeke. Huyu ni dada yake baba, amekaa Dar miaka mingi, mwanamke wa kelele, akifika mtaa mzima unajua. Siku hiyo alikuja kimya na furushi lake. Nikamwamkia, akaitikia akiangalia chini. Akasema kuna jamaa ameshuka na basi kutoka nyumbani, baba yangu hali yake si nzuri, na kwa kuwa lori linakwenda huko huko, twende wote.

Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema kifua. Nikamuuliza kama anaongea. Akasema, "Anakuulizia."

Hilo neno ndilo lililoniingia. Baba yangu si mtu wa kuulizia watu. Alikwenda manamba kwenye mkonge akiwa kijana, akarudi na kifua kibovu na koti moja, na tangu hapo hakuomba kitu kwa mtu. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho alikuwa amekaa kibarazani akaniambia, siku ukija na gari lililopona kwa mkono wako, utanipandisha niione Songea mjini kutoka juu. Nikacheka nikasema sawa. Sasa gari lilikuwa limepona, na nilitaka kumkuta hai. Ndiyo safari yangu yote, sikuwa na jambo jingine.

Kiwalani mpaka Morogoro

Tulitoka watatu. Dereva alikuwa Salehe, Myao wa Tunduru, mtu mpole anayeimba peke yake akiendesha. Alikuwa amelisubiri lori hapa Dar muda wote, kwa hiyo na yeye habari za nyumbani alikuwa nazo zilezile tulizoletewa. Shangazi alikaa katikati, mie dirishani, sikio langu kwenye injini.

Kusema kweli mpaka Chalinze lilikwenda vizuri mno. Tambarare, lori linateleza, mshale wa dizeli haushuki. Salehe alisifu. Tulinunua mihogo ya kuchoma, tukala tukiendelea. Shangazi hakula, alishika kipande chake mpaka kikapoa, akakifunga kwenye kanga.

Morogoro tulikwama. Ilikuwa Jumapili, na mnajua Jumapili mchana magari hayaruhusiwi kutembea, ili kubana mafuta. Askari alitusimamisha kwa adabu akatuonyesha kivuli. Nilimweleza kwamba baba yangu mgonjwa, akanipa pole, na kivuli kikabaki palepale. Nikamwomba tena nikaharibu kwa kupandisha sauti. Salehe akanivuta shati.

Tukaenda kwa mama mmoja anayeuza wali chini ya turubai. Huyu mama alimtazama Shangazi, akamsogelea, wakanong'ona. Kisha akaanza kutupakulia, na sahani yangu akaijaza samaki kupita kawaida, akaniwekea na maji ya kunawa mwenyewe, akaniambia, "Kula mwanangu, jikaze." Nilidhani ni ukarimu wa biashara. Nikamtania kwamba akiendelea hivyo duka litafungwa kabla ya jioni. Hakucheka hata kidogo. Nikasema moyoni watu wa Morogoro siku hizi wamekuwa wagumu.

Shangazi alikuwa akifuta macho na ncha ya kanga. Akasema ni moshi wa kuni. Na kweli moshi ulikuwepo.

Mlima Kitonga

Hapa ndipo robo mzunguko yangu ilipodai haki yake.

Mlimani injini haina mbio, na injini isipokuwa na mbio tabo inalala. Kama umebana dizeli, basi huna hewa wala huna moto, una chuma tu na mbolea mgongoni. Salehe aliingiza gia ya kwanza akabaki nayo. Magari mengine yalitupita, hata moja lililobeba ng'ombe, na ng'ombe wakitutazama. Pale kwenye kona kali niliteremka nikatembea nyuma ya lori na jiwe mikononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi likianza kurudi.

Baba alinisimuliaga hivyo hivyo. Wakati wakipelekwa mkonge, kwenye milima ya Iringa manamba waliteremshwa wote watembee na mawe nyuma ya lori. Mie nilikuwa nikijisemea mambo ya ukoloni hayo, sasa tuna nchi yetu na magari ya tabo. Na bado nilikuwa mlimani na jiwe.

Salehe alichungulia dirishani akaniomba nifungue skrubu kidogo. Nikakataa. Nilishapiga hesabu kichwani: tukienda hivi dizeli itatufikisha mpaka nyumbani. Tukifungua, tutakimbia vizuri halafu tutakauka mahali. Kama mtu anataka kufika, afike, hata akichelewa. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka.

Mafinga

Mafinga tulisimama kuongeza maji, na nani namwona ananyoosha miguu kando ya lori la tumbaku? Kikoti. Mnamjua wote, Mhehe yule dereva anayepitaga hapa Kiwalani kututukana. Ana mke Songea na alikuwa akishinda kwa baba yangu kuliko mie mwanawe. Mie Mngoni, yeye Mhehe, kwa hiyo ni watani wa kurithi. Hajawahi kunisalimia kama binadamu. Mara ya mwisho alipofika hapa aliwaambia wateja wangu kwamba nimefariki na yeye ndiye amerithi gereji, na kuna mzee mmoja alianza kulia.

Alikuwa amevaa koti la kijivu lililombana mabegani mpaka mikono haishuki. Nikamwambia hilo koti kamwibia mtoto. Akalitazama, akalivuta vifungo, akasema ni lake kwa haki. Akatukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kibuyu, nikanywa wima. Nikamweleza kwamba sina nafasi ya upuuzi, baba ni mgonjwa, nawahi.

Kikoti alimtazama Shangazi. Shangazi akageuza uso. Kisha akanitazama mie, akasema, "Usikimbie, Mngoni wewe. Mzee tumeshamzika. Udongo nimeutupa mie mwenyewe."

Nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na kama mtani amekuzika na mzazi wako pia, unamjibu. Nikamwambia Wahehe mnazika watu wakiwa hai kwa sababu mna njaa ya ubwabwa wa msiba. Wapakiaji waliokuwa pale wakaangua kicheko. Kikoti, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimfahamu, alinishika bega, akasema, "Basi nendeni polepole," akapanda gari lake akaondoka.

Nilibaki na kibuyu chake mkononi. Nikamuuliza Shangazi, huyu mwehu ana nini leo? Akasema watani ni watani, tupande gari.

Tungepanda tu tukaenda, labda lori lingekuwa zima mpaka leo. Ila maneno ya Kikoti yalikataa kunitoka. Nilijiambia kwamba Kikoti ametoka Songea, amemwona baba, amemwona yuko hoi, ndiyo maana utani wake umekuwa mbaya namna ile. Kwa hiyo zimebaki saa chache. Nikachukua bisibisi na spana, nikafungua boneti, nikairudisha ile robo mzunguko. Kisha nikaongeza nyingine.

Salehe akaniuliza dizeli itatufikisha wapi. Nikamwambia aendeshe.

Makambako na Njombe

Jamani, lilikwenda. Sitawadanganya, lilikwenda kama halina mzigo. Ukikanyaga unasikia tabo inapiga mluzi, lori linaruka, na nyuma moshi mweusi umefunika barabara yote. Miinuko yote ya Makambako tulipanda kwa gia ya tatu. Salehe aliacha kuimba. Mie nilikuwa nikimhimiza, kanyaga, kanyaga. Shangazi alinishika mkono mara moja tu, akasema, "Mwanangu, taratibu." Nikamwambia yeye kama amechoka na kaka yake, mie sijachoka na baba yangu.

Nilimwambia hivyo. Na yeye akaniachia mkono.

Baada ya Makambako lami ikaisha, ikaanza mvua na udongo mwekundu. Njombe tulikula viazi vya kuchemsha tukiwa wima, vya moto, na baridi ile ya kule inayokupiga masikioni. Mshale wa dizeli ulikuwa umeshuka mpaka nikaacha kuutazama. Kwenye vituo hakuna kitu. Mtu mmoja wa kituo alitazama moshi wetu ukipanda, akauliza tunapika nini ndani ya injini.

Lukumburu

Tulipokuwa tukipanda Lukumburu bomba la moshi lilikuwa jekundu. Nililiona kwa macho yangu kwenye upenyo wa boneti. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote kwenye barabara ile, na sikusema kitu, kwa sababu juu ya mlima ule nyumbani si mbali.

Karibu na kileleni kundi la mbuzi likakatiza. Salehe akakanyaga breki, lori likaserereka kwenye tope, na kwa hofu akazima injini palepale. Nikapiga kelele, lakini alishazima. Tabo iliyowaka haizimwi ghafla. Lazima injini iachwe ingurume polepole ili oili iendelee kuipooza. Ukizima, oili inaungua ndani na kushikana na chuma. Tulipowasha tena ilitoa sauti ya kukwaruza, ikatoa moshi wa rangi ya bluu, ikakamata. Ikawa ndiyo mwisho wake.

Sikumlaumu Salehe, na msimlaumu. Joto lile nililiwasha mie kule Mafinga.

Nilikaa kwenye jiwe nikaifungua tabo bila sababu, mikono inaungua. Mvua inanyesha. Shangazi akateremka na furushi lake, akalifungua magotini. Ndani mlikuwa na kaniki nyeusi na sanda isiyoshonwa, imekunjwa vizuri.

"Lini?" nikamuuliza.

"Kabla jamaa hajapanda basi. Walimzika kesho yake."

"Na wewe ulijua tangu Kiwalani."

"Nilijua. Sanda nilishainunua alipoanza kuugua, nikaona nije nayo tu. Mtu haambiwi msiba njiani, nilitaka usikie kwa mama yako, ukiwa umekaa chini, umeshikwa mikono."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nifungue skrubu, nimhimize dereva, nimtukane na yeye. Nilisema kwa ukali, nadhani nilikuwa nalia. Akaanza kunifuta oili mikononi kwa ile kaniki, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuona una kazi ya kufanya," akasema. "Ningekunyang'anya hiyo, ungebaki na nini mpaka Songea?"

Nyumbani

Ukitaka kujua tulivyofika, tulifika kwa trekta. Trekta la kijiji cha ujamaa kimoja, lenye tela la mahindi, linalokwenda mwendo wa ng'ombe. Salehe alibaki na lori. Mie na Shangazi tulikaa juu ya magunia siku nzima, na nilikuwa sina haraka tena. Katika safari yote chombo kile ndicho pekee kilichokwenda kwa mwendo tuliouhitaji.

Tuliingia kijijini asubuhi. Kwenye uwanja palikuwa na majivu ya jiko la msiba, tayari kuku wanachakura. Mama alikuwa amekaa mkekani. Alinishika tu mikono yote miwili, kama Shangazi alivyotaka, na mie nikakaa chini.

Baadaye walinisimulia. Baba alikufa alfajiri, akiwa amekaa, akikohoa. Watu walikuwa wengi. Na mtani alikuwepo, alipakia tumbaku jirani, akaja. Mama akasema Kikoti alifanya yote ya mtani. Alivaa koti la marehemu, lile alilorudi nalo mkongeni, akaigiza anavyotembea na anavyokohoa, akazuia jeneza mlangoni akidai mzee anakimbia deni la ugoro, mpaka watu wakacheka huku wanalia. Wakati wa kufukia alitupa udongo wa kwanza kwa niaba yangu, kwa sababu sikuwepo. Koti akaondoka nalo, ni haki yake.

Niliomba nielezwe rangi ya koti, ingawa nilikuwa naijua. Miaka yote nimemwona baba nalo, na Mafinga nilisimama mbele yake nikalicheka. Kwa Kikoti lilikuwa fupi na limembana, halikufanana na koti la baba yangu hata kidogo.

Kurudi Kiwalani

Lori lilivutwa. Tabo niliing'oa nikaitia kwenye gunia. Meneja aliuliza kama sasa linakula kidogo, nikamwambia halili kabisa. Shangazi Skola amerudi Temeke na kelele zake zimeanza kurudi polepole. Nilikwenda kumwomba radhi kwa lile neno la njiani. Alisema halikumbuki. Analikumbuka.

Sasa hilo koti. Wiki iliyopita, nyie mkiwa mmekwenda kula, Kikoti aliingia na lori lake hapa nje, amelivaa. Hakunitukana. Alisimama mlangoni kama mgeni, akasema anapita tu, anakwenda Iringa. Nikasikiliza injini yake kwa mazoea, na nikasikia ule mkwaruzo. Mdogo sana, lakini niliusikia Lukumburu na sitausahau.

Nikamwambia, "Tabo yako inakufa. Hutafika Iringa."

Akacheka. Meno yote nje, kama zamani, akaniambia Wangoni tangu waanze kukaa Dar wamekuwa waganga, akapanda, akashika usukani. Sikucheka naye. Nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi.

Kicheko kikamwishia katikati. Akanitazama kupitia dirishani. Hakuzima injini. Aliiacha ingurume polepole, kama inavyotakiwa, mpaka ilipopoa, ndipo akazima. Akateremka, akavua koti la baba yangu, akalitundika kwenye msumari wangu, akakunja mikono ya shati.

"Haya," akasema. "Fungua tuone."